Kutua na ndege ndogo katika hifadhi za wanyama za Uganda, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandikia marubani wa ndege ndogo za binafsi, hasa zile za injini moja, wanaotaka kutua Kidepo, Murchison Falls au Queen Elizabeth kwa mara ya kwanza. Wengi hunitafuta Kajjansi, kiwanja cha ndege ndogo karibu na Kampala, wakiwa na swali moja, yaani kibali cha kutua kinapatikana wapi, na wengi hushangaa ninapowaambia kwamba vibali ni viwili: kimoja ni cha anga na kingine ni cha ardhi, na mwenye kutoa hiki hana mamlaka ya kutoa kile.

Hatua ya kwanza: hakikisha kiwanja kipo na kinatumika

Ndege haitui hifadhini popote palipo tambarare. Barabara za watalii, mbuga zilizochomwa moto na fungu za mchanga kando ya Nile si mahali pa kutua, isipokuwa injini imekufa na huna chaguo lingine. Pakuba, ndani ya Murchison Falls, na Kidepo ni viwanja vilivyo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda (UCAA). Vipo vingine vidogo, kama Mweya katika Queen Elizabeth, na kila kimoja kina msimamizi wake ambaye ni lazima umpate kabla ya siku ya safari. Anayekwenda kuwaona sokwe wa milimani ajue mapema kwamba msitu wa Bwindi hauna mahali pa kutua ndege. Atatua Kihihi au Kisoro, kisha ataendelea kwa gari.

Soma kitabu rasmi cha taarifa za anga na notamu za wiki hiyo, yaani matangazo ya muda kwa marubani. Usitegemee picha za setilaiti za kwenye simu, kwa kuwa haziwezi kukuonyesha nyasi zilizofika kiunoni wala korongo lililochimbwa na mvua ya juzi.

Hatua ya pili: vibali viwili

Upande wa anga, unawasilisha mpango wa safari kwa UCAA kabla ya kuruka. Ndege yenye usajili wa Kenya au Tanzania haiendi moja kwa moja kwenye kiwanja chochote cha porini. Inatua kwanza Entebbe, au kiwanja kingine kilichotangazwa kuwa cha kuingilia nchini, ili forodha na uhamiaji wamalize kazi yao.

Upande wa ardhi, mwenyeji wako ni Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA), iliyoundwa mwaka 1996 na ambayo sasa inafanya kazi chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019. Kuingia hifadhini kutoka juu ni kuingia kama kupita getini: abiria wanalipa kiingilio, ambacho huhesabiwa kwa saa 24, nayo ndege ina ada yake. Mwandikie mhifadhi mkuu ukitaja usajili wa ndege, idadi ya watu, siku na saa ya kufika na ya kuondoka. Omba pia jina na namba ya simu ya askari atakayekuwa kiwanjani, kwa sababu huyo ndiye atakayefukuza wanyama kabla hujafika.

Hapa niseme jambo lililonifunza adabu. Mpango wa safari huandikwa kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Safari moja ya Kidepo nilinakili mpango wangu ulivyo na kumtumia askari ujumbe: “Afande, tunatua 07:00.” Nilimaanisha saa nne asubuhi. Yeye, kama mtu yeyote mwenye akili timamu, alisoma saa moja, akafika alfajiri, akasafisha njia, akasubiri saa mbili nzima, kisha akaenda zake doria. Nilipofika nilikuta nyati wapatao kumi na watano wamesimama katikati ya njia, nami nikazunguka juu yao kwa dakika ishirini nikichoma mafuta. Tangu siku hiyo huandika hivi: “Afande, tunatua Jumanne saa nne asubuhi, saa za Uganda, yaani 10:00.” Maneno yanaongezeka kidogo, lakini nyati hawajanisumbua tena kwa sababu hiyo.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya joto na mafuta

Hesabu hii ndiyo inayorukwa zaidi, hasa na wageni waliozoea viwanja vya pwani. Chukua kiwanja chenye mwinuko wa futi 4,000, ambao ni karibu na ule wa Kidepo. Kwa kipimo cha kawaida, joto la mwinuko huo lingekuwa nyuzi 7. Mchana wa Januari kaskazini linaweza kufika 34, yaani nyuzi 27 zaidi. Kila nyuzi ya ziada ni kama kupanda futi 120 zaidi, kwa hiyo zidisha 27 kwa 120, upate 3,240, kisha ujumlishe na 4,000: ndege yako itajiona iko kwenye futi 7,240 na si 4,000.

Katika hewa nyepesi namna hiyo, kipimakasi kitaonyesha ile ile kasi uliyozoea wakati wa kutua, ila kasi halisi itakuwa juu kwa takribani asilimia 11, na kwa kuwa umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa kasi, utahitaji karibu robo zaidi ya njia. Kuruka ni kugumu kuliko kutua, kwani injini nayo imepungukiwa nguvu. Kwa hiyo fanya kwanza hesabu ya kuondoka. Ikiwa huwezi kutoka na mzigo huo, usiingie nao. Mimi hutua kabla ya saa tano asubuhi na kuondoka mapema kesho yake.

Kuhusu mafuta, beba ya kwenda na kurudi. Kutoka Kajjansi hadi Kidepo ni kama kilomita 410 kwa mstari ulionyooka. Ongeza akiba ya nusu saa inayotakiwa kwa safari ya mchana ya kuona kwa macho, pamoja na mafuta ya kufika kiwanja mbadala. Nusu saa ni kiwango cha sheria. Mimi hubeba saa nzima.

Hatua ya nne: njiani

Juu ya hifadhi mimi hukaa angalau futi 2,000 kutoka ardhini. Kushuka chini ili abiria wapige picha za tembo ni kuwasumbua wanyama, na pia ni kuikaribia ardhi mahali penye ndege wengi na nyaya. Januari 1954, karibu na maporomoko ya Murchison, ndege ya Cessna 180 iliyombeba Ernest Hemingway iligonga waya wa simu uliokuwa umeachwa na ikaanguka. Siku hizi kuna nyaya kubwa za umeme kutoka bwawa la Karuma, na tangu uchimbaji wa visima vya mafuta vya Tilenga uanze mwaka 2023, mitambo mirefu imeongezeka ndani ya hifadhi hiyo hiyo.

Kidepo inapakana na Sudan Kusini, Ishasha, kusini mwa Queen Elizabeth, iko mpakani mwa Kongo, na Kisoro iko karibu na Kongo na Rwanda kwa pamoja. Panga mzunguko wako wa kutua ili ugeukie ndani ya Uganda. Miezi ya kiangazi moshi wa nyasi hupunguza uwezo wa kuona. Ukishindwa kuona kilomita 5 mbele, rudi.

Hatua ya tano: kagua njia kabla ya kutua

Tangaza kwa redio nia yako, hata kama hakuna anayekujibu. Pita kwanza juu, ukiangalia soksi ya upepo, gari la askari na wanyama walio pembeni. Kisha pita chini kando ya njia, si juu yake, ukiitazama urefu wote upande wako wa dirisha. Twiga huonekana mbali. Wa kuogopwa ni ngiri na kongoni, wanaosimama tuli kwenye nyasi halafu wanakatiza ghafla wakati magurudumu yamekwisha kugusa. Muhanga naye huchimba usiku, na shimo lake halionekani kutoka hewani. Niliwahi kuonyeshwa moja kwenye njia ya changarawe, askari akiwa ameliwekea tawi la mti, na mguu wangu ulizama humo hadi gotini.

Ukiona mnyama mmoja ameondoka, subiri mwenzake. Ukiwa na shaka, paa upya mapema, kabla ya kupunguza nguvu kabisa.

Hatua ya sita: ukishatua

Jambo la kwanza ni simu ya kufunga mpango wa safari, kwani usipoufunga watu wataanza kukutafuta. Mtandao wa simu haupatikani kila mahali hifadhini, hivyo panga kabla ya kuruka nani atapiga hiyo simu kwa niaba yako na kwa njia gani. Abiria wabaki ndani hadi propela isimame na askari aseme wanaweza kushuka.

Ndege inayolala kiwanjani ifungwe kamba pande tatu, na magurudumu yazungushiwe matawi ya miiba, kwa sababu fisi hutafuna matairi. Funika tundu la kupimia kasi hata kama unakaa saa chache tu, maana nyigu wa udongo hawachelewi kuliziba. Viwanja hivi havina taa, na jua letu huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima. Atakayechelewa kurudi kutoka kwenye matembezi analala hapo hapo. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, mwombe askari apite na gari njia yote, wewe ukiwa umeketi kando yake, mpaka mwisho na kurudi.