Tanga 1914 mezani: kuandaa na kucheza mchezo wa vita katika hewa ya Mombasa

Mwongozo huu ni wa wachezaji wanne, meza ya futi 6 kwa 4 na alasiri nzima. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yanafaa kuanzia: uwanja ni mdogo na pande mbili hazilingani. Jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000 kutoka India lilishuka Ras Kasone, mashariki ya mji, likakutana na watu kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likashindwa. Ukiandaa vibaya, Mwingereza atashinda kila mara kwa wingi tu.

1. Askari

Chukua sanamu ndogo za plastiki, kipimo cha 1/72, yaani mara 72 ndogo kuliko mtu halisi. Wa chuma wanapendeza, ila posta na ushuru vitakumaliza. Bandika watatu juu ya washa ya chuma (kile kiduara chenye tundu cha kuwekea bolti) ya milimita 30. Usitumie kadibodi: askari hawa hawana uzito, na feni ya dari itawahamisha kabla hujarusha dadu. Waingereza vikosi 7, kila kimoja washa 6. Wajerumani kombania 6, washa 4 kila moja, na bunduki za rashasha 4.

2. Rangi

Hapa ndipo wengi hukwama, na tatizo si mkono, ni hewa.

Anza kwa kuwaosha kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta. Tumia maji ya mfereji. Maji ya kisima ya hapa yana chumvi, na chumvi ikikaukia juu ya plastiki, rangi hubanduka, mtutu wa bunduki ukiwa wa kwanza.

Kisha praima, yaani rangi ya chini ya kushikilia zile za juu. Ya kopo la kupuliza inasifiwa kila mahali, na ndiyo inayoharibu kazi Mombasa. Majimaji yaliyomo hukauka upesi na kuupoza uso wa askari; unyevu wa hewa unanasa pale pale, na rangi inabaki na ukungu mweupe. Ukikimbilia juani, matone yanakauka yakiwa bado hewani na uso unatoka na vipele. Isitoshe, kuna praima za kupuliza zisizoelewana na plastiki laini: zinabaki kunata hata baada ya wiki. Kama lazima upulize, ngoja saa nane mchana, siku isiyo ya mvua, kivulini, kopo likiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwa askari, mpulizo mfupi mfupi. Jaribu kwa askari mmoja, umwache hadi kesho yake, ndipo uwafikie wenzake. Ukungu ukishaingia usikwangue; paka vanishi ya kung'aa kwa brashi, ikikauka paka isiyong'aa. Mara nyingi unapotea.

Njia bora, na ya bei ndogo, ni gundi nyeupe ya seremala. Changanya kipimo kimoja cha gundi na kimoja cha maji, tia tone la rangi nyeusi ili uone ulipopitisha na ulipoacha, paka kwa brashi, wacha usiku kucha. Utando wake unajikunja pamoja na plastiki, kwa hiyo bunduki ikipinda rangi haipasuki.

Juu yake paka rangi za maji. Zima feni, la sivyo zitakaukia kwenye brashi. Weka sponji mbichi kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea, uchanganyie hapo.

Pande zote mbili zilivaa kaki. Kutoka upande wa pili wa meza, kilemba na tarbushi hazitofautiani, basi paka ukingo wa washa: nyekundu kwa Waingereza, nyeusi kwa Wajerumani.

3. Uwanja

Magharibi ni mji, nyumba tatu za kadibodi zinatosha. Mbele yake, kutoka kaskazini kwenda kusini, pitisha reli iliyo ndani ya mtaro wa wazi. Mashariki ni Ras Kasone. Kati ya reli na Ras Kasone jaza vichaka angalau nusu ya eneo. Vikiwa haba, Mwingereza anafyatua kwa raha zake na mchezo umeisha. Nyuzi za makumbi zilizopakwa kijani, zikibandikwa juu ya sidii mbovu, hazina mpinzani. Mchanga wa ufukweni uoshe kwa maji ya mfereji mara tatu, au utafute wa mtoni. Wenye chumvi huvuta unyevu na kung'oa gundi.

4. Kuwaficha Wajerumani

Mjerumani achore mahali pa kombania zake kwenye karatasi. Hawekwi mezani hadi afyatue, au adui afike inchi 6. Aanze na kombania tatu. Kila zamu arushe dadu, 4 au zaidi inashusha moja kwenye treni. Wasaidizi walikuja hivyo hivyo kwa reli kutoka upande wa Moshi.

5. Zamu

Tumia karata: nyekundu anatembea Mwingereza, nyeusi Mjerumani, kikosi kimoja kwa karata. Mwendo ni inchi 6, vichakani 4. Bunduki inafika inchi 12, dadu moja kwa kila washa, 5 na 6 zinapiga. Aliye kichakani anapigwa kwa 6 tu. Askari wengi wa Wajerumani walibeba bunduki za zamani zenye moshi mzito, basi kombania ikifyatua iwekee kipande cha pamba, na hadi zamu ijayo kichaka hakiikingi. Pima kwa futi ya fundi cherehani; ya chuma huangusha askari.

Kikosi kikipoteza washa, kinarusha dadu ya moyo. Wajerumani wote, na kwa Waingereza vikosi vya Loyal North Lancashire na Kashmir Rifles, wanasimama kwa 3 au zaidi. Vikosi vingine vya Waingereza kwa 4 au zaidi, ila 63 Palamcottah na 13 Rajputs kwa 5 au zaidi. Asiyesimama anarudi inchi 6.

6. Nyuki

Siku ile nyuki waliwavamia askari vichakani, basi tia jokari moja kwenye karata. Likitoka, kikosi cha upande wowote kilicho kichakani na karibu zaidi na katikati ya meza kinakimbia inchi 6. Changanya karata upya.

7. Ushindi

Zamu 10. Mwingereza anahitaji nyumba mbili kati ya tatu. Mjerumani akimzunguka kusini, kama alivyofanya Lettow-Vorbeck, na kuvunja vikosi vitatu, mchezo unakatika hapo hapo hata kama nyumba zimeshatekwa.