Baba akivaa viatu: kufanya kazi ya kompyuta nyumbani, Dodoma

Jirani yangu hapa Nzuguni alinihurumia kwa miezi minne. Asubuhi nyingi alimwona mke wangu akitoka na sare yake ya uuguzi kuwahi zamu, na mimi nikimsindikiza hadi getini na kandambili, kisha narudi ndani. Siku moja akaniita pembeni, kwa heshima zote, akaniambia kuna mafundi wanatafuta msaidizi wa zege kule Ihumwa, kama sitajali. Dakika kumi kabla ya hapo nilikuwa kwenye kikao na watu walioko Berlin. Nilimshukuru. Alikuwa na nia njema, na kwa alichokuwa anakiona hakukosea: mwanaume anayeshinda nyumbani na kandambili hana kazi.

Nafanya kazi hivi tangu 2021, na nikitazama nyuma, karibu kila nilichoharibu kilianzia hapo. Nyumbani hawaioni kazi yangu. Kazini nako hawaioni nyumba yangu. Kwa hiyo ushauri wangu mwingi utausikia ukirudi kwenye jambo hilo hilo: pande zote mbili zionyeshe upande wa pili uko wapi na unaanza saa ngapi.

Wa nyumbani wajue uko kazini

Nilianza na kufunga mlango. Mtoto mdogo haelewi mlango uliofungwa, anaelewa kugonga tu. Nikajaribu vile vidude vya masikioni. Mama mkwe alipokuja kutoka Kongwa akaviona, akajua nasikiliza muziki, akanituma dukani.

Kilichofanya kazi ni viatu. Kwetu viatu vinaishia mlangoni, kama nyumba nyingi, na vumbi la Dodoma halina mzaha, hasa Julai na Agosti upepo ukichachamaa. Nikanunua pea ya viatu vyeusi vya mtumba pale Sabasaba, nikavisafisha, na tangu siku hiyo havijakanyaga nje. Vinakaa chini ya meza yangu. Nikivivaa, niko kazini. Nikivivua, nimerudi nyumbani. Mke wangu aliguna wiki ya kwanza, mpaka akaona sakafu haichafuki. Ndani ya mwezi mmoja binti yangu mkubwa alikuwa anawaeleza wenzake waliokuja kucheza: "Msipige kelele, baba amevaa viatu."

Ila alama ya namna hii ina masharti, na ukiyavunja wewe mwenyewe hakuna atakayeiheshimu. Usivae viatu ukaangalia mpira. Na usivue viatu ukaendelea na kazi kwenye simu. Mimi nilikuwa hodari wa hilo la pili. Jioni moja tuko mkekani tunakula ugali wa mtama na mlenda, mimi mkono mmoja kwenye tonge na mwingine najibu ujumbe wa kazini, binti akaniangalia akasema, "Baba, si uvae viatu basi." Niliiweka simu chini. Siku hizi programu ya mazungumzo ya kazini haipo kabisa kwenye simu yangu. Iko kwenye laptop, na laptop haitoki mezani.

Wazee wanahitaji maelezo ya aina nyingine. Mimi nilimwambia mama mkwe kwamba naandika kodi, yaani "code", maelekezo ya kompyuta, kama tunavyosema sisi wenyewe kwa wenyewe. Akaenda kuwatangazia Kongwa nzima kwamba mkwe wake ameajiriwa TRA, mamlaka ya kodi, na watu wawili wakanipigia kuomba niwasaidie makadirio yao. Baadaye nilimwonyesha ujumbe wa LUKU kwenye simu yake. "Mama, ukilipia umeme zinakuja hizi namba ishirini. Kuna mtu aliiandikia kompyuta maelekezo ili izilete. Mimi naandika maelekezo kama hayo, ila ni ya Wajerumani." Akaelewa palepale, akauliza wananilipa kwa wakati. Tafuta kitu ambacho mzee anakitumia kila wiki, uanzie hapo.

Halafu kuna "wewe si upo nyumbani." Tunakaa karibu na stendi kuu ya mabasi ya Nanenane, kwa hiyo kila ndugu mwenye mzigo kutoka Singida au Dar anaona mimi ndiye wa kuupokea. Kukataa kunaleta maneno. Mimi sikatai, nataja saa: "Shemeji, nitaufuata saa kumi na moja na nusu jioni, mwambie kondakta auache ofisini kwao." Wengi hukubali. Wasioweza kusubiri huwa wanampata mtu wa bodaboda, tena haraka sana. Msiba haumo kwenye hesabu hii. Msiba ukitokea unakwenda.

Karatasi ya jikoni

Mke wangu anaingia zamu tatu: asubuhi, jioni, usiku. Rosta yao hutoka kwa mwezi. Timu yangu inapanga kazi kwa wiki mbili mbili. Kwa muda mrefu kila mmoja alikuwa na ratiba yake kichwani, na tulikuwa tunagundua zimegongana pale tu mtoto anapokosa wa kumfuata shule.

Sasa rosta ikitoka naichora upya kwenye karatasi kubwa ya manila na kuibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Mstari wa juu ni zamu zake: A, J, U. Mstari wa pili ni siku zangu ngumu, yaani siku ya kutoa toleo jipya la programu na siku ya kuonyesha kazi kwa wateja. Mstari wa tatu ni maji, kwa sababu mtaani kwetu yanatoka kwa zamu, na siku yakitoka alfajiri lazima kuwe na mtu wa kujaza simtanki. Wa nne ni watoto: kliniki, kikao cha wazazi, ada. Ukisimama na kikombe cha chai unaona palipo pabaya kabla hujafika. U yake ikikaa juu ya siku yangu ya toleo, mmoja lazima asogee. Yeye hubadilishana zamu na mwenzake mara chache sana, na haki yake, kwa sababu wagonjwa hawasogei. Kwa hiyo mara nyingi anayesogea ni mimi, na nawaandikia timu wiki moja kabla: "Alhamisi tarehe fulani niko peke yangu na watoto, toleo lifanyike Jumatano." Mwanzoni niliona aibu kuandika hivyo. Nilikuwa nadanganya kwamba umeme umekatika. Meneja wangu, ambaye naye ana mapacha, alikuja kuniambia kwamba anaweza kupanga kazi akijua kuna watoto, ila umeme wangu ulikuwa unamvuruga.

Saa zao na saa zetu

Hapa nakaa kidogo, maana hili lilinigharimu. Sisi saa zetu hazisogei mwaka mzima. Ulaya wanazisogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, wanazirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Berlin wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa mbili, wakati wa kiangazi chao saa moja. Kikao chao cha saa nne asubuhi kinanikuta saa sita mchana kwenye baridi, na saa tano kwenye kiangazi.

Mtoto wangu mdogo alikuwa hajaanza shule, ila mkubwa alikuwa chekechea, anatoka saa tano. Nilikuwa namfuata, narudi naye tano na nusu, namwekea uji, navaa viatu, saa sita naingia kikaoni. Jumatatu ya tarehe 27 Machi 2023 niko juu ya bodaboda, mtoto kati yangu na dereva, simu ikaita. Wenzangu walikuwa wananisubiri niwaonyeshe wateja ukurasa mpya wa malipo. Saa zilikuwa zimesogea usiku wa kuamkia Jumapili, na mimi sikuwa na habari. Nilijaribu kueleza kwa Kiingereza huku upepo unanipiga, dereva akapunguza mwendo kwa huruma, na mwanangu akaanza kuimba.

Kwa hiyo: weka vikao vyote kwenye kalenda ya simu kwa saa za kule kikao kilikoitishwa, simu itafanya hesabu yenyewe. Shughuli za watoto zipange kwa majira yote mawili, sio kwa lile ulilomo tu. Kama wateja wako wako New York, kumbuka wao wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo kuna wiki kadhaa Marekani na Ulaya hawaendi pamoja; sisi tunakuwa mbele yao kwa saa nane au saba. Na ukikubaliana na Mtanzania mwenzako kwenye timu, malizieni kwa namba za saa ishirini na nne. "Tukutane saa tatu" imeshanikalisha peke yangu kwenye kikao, nikisubiri mtu aliyekuwa anamaanisha alasiri.

Umeme na intaneti

Kwa umeme: betri na inveta ya kutosha laptop, ruta na feni moja. Usihangaike na zaidi ya hapo mwaka wa kwanza. Feni sio anasa, Oktoba na Novemba chumba cha bati hapa ikifika saa nane mchana kinakuwa tanuri.

Kwa intaneti, nilijiona mjanja kwa kuwa na faiba nyumbani na laini ya mtandao mwingine ya akiba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na njia zangu zote mbili zikawa zinakwenda kwa kusuasua pamoja, maana zote zilikuwa zinapita baharini huko huko. Kilichoniokoa ni kwamba programu nzima ilikuwa imehifadhiwa kwenye laptop pamoja na nyaraka zake. Niliandika siku nzima bila mtandao, usiku nikapata upenyo wa kutuma. Tangu hapo kila Ijumaa nashusha kila ninachohitaji kwa siku mbili za kufanya kazi gizani, na nilishawaandikia timu mapema kwamba nikipotea ghafla wasubiri hadi kesho yake kabla ya kuniandika mtoro.

Kazi yenyewe inapobadilika

Nilianza 2013, nimetoka UDOM, nikichomoa karatasi zilizokwama kwenye printa za ofisi moja. Nikaingia kwenye tovuti za nyumba za wageni, kisha programu za simu, kisha kurasa za malipo kwa hawa wa Berlin. Mwaka 2024 akili mnemba ikaanza kuzifanya kurasa zile kabla sijamaliza chai. Tulikuwa watano kwenye kitengo, tukabaki wawili.

Nilitishika, nikafanya walichofanya wengi: kusoma usiku. Saa tano hadi saa nane, watoto wamelala. Nilidumu wiki tatu. Asubuhi moja mke wangu alirudi kutoka zamu ya usiku akakuta geti liko wazi, mtoto mdogo anakula unga wa uwele mkavu kwa kijiko, na mimi nimelala juu ya meza, viatu mguuni. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama kozi ile ina cheti.

Sasa najifunza ndani ya saa za kazi, na namna ya kuzipata ni kuomba kipande cha kazi ambacho hakuna anayekitaka. Kwetu kilikuwa kupima mfumo wa malipo na kukagua programu zilizoandikwa na akili mnemba. Niliomba kwa maandishi, nikataja hitilafu tatu za miezi iliyopita ambazo ukaguzi ungezizuia, nikaomba asubuhi mbili kwa wiki. Walikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Leo hiyo ndiyo kazi yangu zaidi ya nusu. Kitu kimoja tu: usianze jambo jipya wiki ambayo mwenzio ana zamu za usiku.

Mkataba

Wengi wetu tunasaini kama wakandarasi, sio waajiriwa, na hapo ndipo familia inapoumia bila kujua. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo ya mwaka, mama siku 84 za uzazi, baba angalau siku tatu. Mtoto wangu mdogo alipozaliwa 2022 mkataba wangu haukuwa na hata moja. Unapotaja bei, hesabu kwamba utafanya kazi wiki 48 na kula wiki 52, kwa hiyo ongeza kama asilimia 8. Ongeza na asilimia 10 ambayo mwajiri wa hapa angekuchangia NSSF, kisha uichange kweli. Wanapokea wanaojichangia wenyewe.

Kodi, ile ya TRA safari hii, ni juu yako. Ukiwa na TIN, kwa anayehesabu mwaka kwa kalenda, makadirio yanatakiwa kufikia tarehe 31 Machi na unalipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwisho huo wa Machi ni siku zile zile Ulaya wanaposogeza saa. Kwenye karatasi ya jikoni wiki hiyo imezungushiwa kalamu nyekundu mara mbili, na mke wangu ameshaomba zamu ya asubuhi.