Kipya kinyemi: jinsi ya kukusanya maoni ya abiria treni kuukuu zinapobadilishwa

Swali ambalo kila mtu hulikimbilia ni "Je, umeipenda treni mpya?" Liache. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wiki ya kwanza abiria wanapiga picha na viti. Utapata "ndiyo" tele zisizo na kazi yoyote. Mwongozo huu ni wa vyama vya abiria, vyama vya wakazi wa mitaa ya kando ya reli na wanafunzi wanaotaka maoni yatakayowekwa mezani mbele ya wakuu wa reli na yasipanguliwe kwa swali moja. Mfano wetu ni treni za abiria za Nairobi, kwa sababu huko hata neno "mpya" lina mtego.

Mwaka 2020 Shirika la Reli la Kenya lilianza kupokea treni 11 za dizeli kutoka Uhispania. Zilikuwa zimefanya kazi kisiwani Mallorca tangu miaka ya 1990, zikakosa kazi njia za huko zilipowekewa umeme. Reli ya kule ina upana wa mita 1, sawa na reli ya zamani ya Kenya, ndiyo maana ziliweza kuletwa. Kwa abiria aliyezoea mabehewa yanayoburutwa na kichwa cha dizeli, hizo ni mpya. Kwa fundi, ni mitumba. Ukiandika "treni mpya" kwenye hojaji, mmoja atajibu kuhusu viti na mwingine atakulipua kuhusu pesa za umma, nawe utajumlisha majibu hayo kana kwamba ni kitu kimoja. Chapisha picha mbili, A na B, kila moja ukubwa wa nusu karatasi, kisha uliza: "Leo umepanda ipi?" Kipindi cha mpito aina zote mbili huweza kutembea kwenye njia moja, na abiria hatakumbuka jina la treni, ila picha ataitambua mara moja.

Elewa pia kwa nini aina hizo mbili huleta hisia tofauti. Treni ya mtindo wa zamani ikifika mwisho wa njia, kichwa lazima kifunguliwe, kizunguke, kifungwe upande wa pili. Hizi za Uhispania zina chumba cha dereva kila upande na injini chini ya sakafu: dereva anatembea tu hadi upande wa pili, safari inaanza. Kwa hiyo inawezekana kuongeza safari. Lakini treni yenyewe huwa fupi kuliko msururu wa mabehewa uliokuwepo. Abiria yule yule anaweza kungoja muda mfupi zaidi na kubanwa zaidi, asubuhi moja. Swali moja la "umeridhika?" humeza yote mawili.

Anza kabla treni haijafika

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanza baada ya uzinduzi. Bila vipimo vya kabla huna cha kulinganisha, na kumbukumbu ya abiria haiaminiki: aliyekaa leo ataikumbuka treni ya zamani kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa, na aliyesimama ataikumbuka kuwa nzuri. Fanya duru ya kwanza wiki mbili au tatu kabla ya mabadiliko. Epuka wiki ya mwisho wa mwezi, likizo za shule na siku za mvua kubwa. Mvua ikinyesha Nairobi barabara hufunga, na abiria wa matatu hukimbilia treni. Shule zikifungwa barabara hupumua, na baadhi ya abiria hao hawaonekani tena stesheni. Wala hukuja kuhesabu foleni ya magari barabarani.

Baada ya uzinduzi, ruka wiki mbili za kwanza kabisa. Wafanyakazi bado wanajifunza milango, na maafisa wako kila stesheni kwa hiyo kila kitu kinaonekana kupangika. Duru ya pili ifanywe mwezi wa pili tangu uzinduzi, ya tatu mwezi wa sita tangu uzinduzi. Maneno ya maswali yasibadilishwe hata herufi kati ya duru na duru, hata kama umegundua namna nzuri zaidi ya kuuliza. Ongeza swali jipya mwishoni ukitaka, la zamani libaki.

Ikiwa treni tayari zimefika, tafuta njia ambayo bado ina zile za zamani uilinganishe na hii. Si kamili, lakini ni bora kuliko kumtegemea mtu akumbuke.

Nani aulizwe

Kuna abiria wa makundi matatu, na watafiti wengi huongea na kundi moja tu: waliomo ndani. La pili ni walioachwa stesheni kwa sababu milango ilifungwa. La tatu ni waliorudi kwenye matatu. Ukiuliza waliomo ndani pekee, treni iliyojaa hadi watu wakaachwa itapata alama nzuri kuliko inavyostahili, kwa sababu wenye malalamiko makali hawamo. Mweke mtu mmoja jukwaani kila stesheni kubwa asubuhi, ahesabu walioshindwa kupanda na ahoji angalau watano kati yao kwa kila treni. Wana muda, hawana pa kwenda. Kundi la tatu utalipata kwenye vituo vya matatu karibu na stesheni, kwa swali moja la kuchuja: "Mwaka huu umewahi kupanda treni kwenda kazini?"

Idadi: watu 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hukupa makisio yenye kosa la asilimia 10 juu au chini, 400 hukupa 5, ukitaka 3 unahitaji takriban 1,100. Hapo ndipo wengi hujidanganya, kwa sababu abiria 25 wa treni moja si watu 25 tofauti kabisa: wote wamecheleweshwa pamoja, wamepigwa na joto pamoja. Ongeza sampuli mara moja na nusu hadi mara mbili, na ieneze kwenye treni nyingi. Kwa njia moja, watu 600 kutoka safari 24, watu 25 kila safari, ni bora kuliko 600 kutoka safari 8.

Kuchagua mtu usiachie jicho la mhoji. Mhoji huchagua aliyekaa, anayetabasamu, asiye na mtoto mgongoni. Mpe kanuni: ingia mlango wa nyuma, tembea kuelekea mbele, mhoji kila mtu wa tano, aliyekaa au aliyesimama. Akikataa, andika "amekataa" na uende kwa wa tano mwingine, si kwa jirani yake. Idadi ya waliokataa ni sehemu ya matokeo.

Treni ikijaa hata mkono hauinuki, acha kuhoji ndani. Wahoji wahamie jukwaani kabla ya kupanda, na langoni wakati wa kutoka.

Maswali

Yasizidi 12, dakika sita. Uliza kilichotokea leo kwanza, hisia baadaye. Tazama swali hili: "Je, treni hii ni safi na ya haraka?" Ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Livunje:

– Umefika stesheni saa ngapi? Treni imeondoka saa ngapi?
– Umepata kiti? Kama hapana, umesimama kuanzia stesheni gani hadi gani?
– Umekaa au kusimama sehemu gani ya behewa: karibu na mlango, katikati, mwisho?
– Tangu mlangoni kwako hadi kazini, safari yote imechukua muda gani?
– Kupanda na kushuka kulikuwaje: rahisi, kwa shida kidogo, kwa kusaidiwa?

Kwenye saa, chunga. Nairobi mtu mmoja atakwambia "saa kumi na mbili" na mwingine "six", nao wote wamepanda treni ile ile ya alfajiri. Anayesema "saa mbili" anaweza kuwa na maana ya asubuhi ya Kiswahili au alasiri ya Kiingereza. Mhoji aandike kwa saa 24, kisha amrudishie mtu: "Yaani asubuhi, kabla ya saa moja, siyo?" Bila hivyo utapata abiria waliongoja treni kwa saa sita.

Kipimo cha kuridhika nacho kina shimo lake. Hojaji nyingi huweka daraja la kati liitwalo "si mbaya". Kwa mazungumzo ya kawaida "si mbaya" ni sifa, mtu amekubali. Na "iko sawa" inaweza kuwa sifa, inaweza kuwa "niache nipumzike." Tumia "mbaya sana, mbaya, siwezi kusema, nzuri, nzuri sana", na mtu akijibu "iko sawa" mhoji aulize mara moja: "Nzuri, au ya kuvumilia tu?"

Swali la wazi liwe moja: "Kitu gani kimoja kikibadilishwa kesho, safari yako itakuwa afadhali?" Jibu liandikwe kwa maneno ya msemaji, Sheng na yote, yasisafishwe. "Dirisha halifunguki na hewa hakuna" lina habari ambayo "changamoto ya uingizaji hewa" imeipoteza.

Nauli iulizwe mwisho kabisa. Ikitangulia, kila jibu linalofuata litabeba bei.

Kuhusu kushikwashikwa kwenye msongamano, usiulize kwa sauti behewani. Wahoji wanawake watumie kadi ambayo mhojiwa anaweka alama mwenyewe na kuikunja. Na wahoji wote wavae nguo za kawaida: fulana yenye nembo na beji kubwa humfanya mtu adhani umetumwa na reli au serikali, naye atakujibu kwa adabu badala ya ukweli.

Pima kile watakacholalamikia

Maoni bila kipimo hupingwa kwa maoni mengine. Joto: kipimajoto katikati ya behewa, mita 1.2 kutoka sakafuni, mbali na dirisha na mlango, soma kila dakika 10. Behewa la madirisha yasiyofunguka hutegemea mashine ya hewa. Ikizima, linakuwa baya kuliko la zamani lenye madirisha wazi, na hapo ndipo utaona abiria wawili wa treni ya aina moja wakipingana kabisa. Kelele na mtetemo: kwa kuwa injini iko chini ya sakafu, andika mhojiwa alikuwa sehemu gani, la sivyo malalamiko ya viti vichache yatasomeka kama ya treni nzima. Muda wa kusimama stesheni: washa saa mlango ukifunguka, zima ukifungwa, hesabu walioshuka na waliopanda.

Pengo kati ya mlango na jukwaa lipimwe kwa utepe wa kupimia, upana na kimo, treni ikiwa imesimama na mfanyakazi wa stesheni akijua. Kamwe usishuke relini. Hili ndilo hueleza kwa nini wazee na wenye viti vya magurudumu hutoa alama za chini kwenye treni ambayo vijana wanaisifu. Huko Liverpool, treni za kampuni ya Stadler zilizoanza kubeba abiria Januari 2023 badala ya zile za mwishoni mwa miaka ya 1970 zina ngazi inayojitokeza na kuziba pengo, hivyo kiti cha magurudumu huingia bila ubao. Maoni ya aina hiyo hufaa kabla ya treni kuagizwa. Ukinunua iliyokwisha undwa kwa majukwaa ya nchi nyingine, kinachobaki kubadilishwa ni jukwaa.

Hesabu

Usitoe wastani wa njia zote. Tenganisha kwa njia, saa, aliyekaa na aliyesimama, na umbali, kwa sababu anayesafiri stesheni mbili na anayetoka mbali, Ruiru, hawatumii kiti kwa namna moja.

Sahihisha uzito. Tuseme umehoji 300 asubuhi na 100 jioni, asubuhi walioridhika ni asilimia 40 na jioni 70. Ukijumlisha tu utapata 47.5. Lakini kama abiria halisi wa asubuhi na jioni ni nusu kwa nusu, jibu ni 55.

Na usishangilie tofauti ndogo. Kama kabla walioridhika walikuwa asilimia 52 na baadaye 58, kwa watu 400 kila duru, kosa la tofauti hiyo ni takriban 7. Pointi sita haziwezi kutangazwa kuwa maendeleo.

Kuyafikisha

Omba ruhusa ya kuhoji stesheni kwa barua mapema, na ukitaka idadi ya abiria au ratiba halisi za safari, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Nambari za simu zichukuliwe tu kama utampigia mtu duru ijayo, kwa idhini yake, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa chama kidogo cha mtaa. Zitunze kwenye faili tofauti na majibu, zikiunganishwa kwa namba ya hojaji pekee, na uzifute duru ya tatu ikiisha.

Ripoti iwe kurasa mbili. Malalamiko yapange kwa anayeweza kuyatatua: stesheni yenyewe, karakana, wapanga ratiba, wenye bajeti. "Abiria hawaridhiki na milango" hakuna atakayeishughulikia. "Stesheni ya Makadara, saa 12:40 asubuhi, behewa la pili, mlango mmoja ulishindwa kufunguka siku 4 kati ya 10" ina mtu wa karakana wa kuipelekewa leo hii.