SOMO: Kuhamisha kaseti za zamani kwenda kompyuta bila kufifisha sauti

Wakuu, kabla hujasema dijitali imeua utamu wa kaseti, fungua mlango wa deki uangalie hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachosoma mkanda. Faili la WAV (sauti isiyobanwa) la 44.1 kHz, biti 16, lina uwanja wa desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Kaseti ya kawaida bila Dolby (mfumo wa kupunguza mchakacho wa mkanda) haifiki 60. Kwa hiyo kompyuta inanakili chochote inachopewa, na uchafu pia.

Hatua ya 1. Peleka mkanda mbele hadi mwisho, kisha urudishe. Kaseti iliyokaa miaka kabatini hujibana, halafu hukwama katikati ya wimbo.

Hatua ya 2. Safisha hedi kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya vidonda ya asilimia 70 ina maji mengi. Roli ya mpira ifute kwa maji yenye sabuni kidogo, maana spiriti huweza kuukausha mpira. Subiri dakika 10.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili, na moja ina springi chini yake. Hiyo ndiyo inayoinamisha hedi. Weka alama ya kalamu ilipo sasa. Unganisha sauti za kulia na kushoto ziwe moja (mono), cheza kaseti ya kwaya, na usikilize herufi "s" na kayamba. Zungusha polepole, usizidi mshale wa saa unavyosogea kutoka 12 hadi 1. Hedi ikiwa imepinda, "s" inasikika kama mwimbaji kajifunika blanketi. Ikinyooka, kayamba linachomoza lenyewe. Ukimaliza kazi, rudisha skrubu kwenye alama.

Hatua ya 4. Toa sauti kwenye matundu mekundu na meupe ya deki, uingize kwenye kifaa cha USB chenye matundu ya aina hiyo hiyo. Tundu la maiki la laptopu liache: mara nyingi ni mono, na linapasua sauti.

Hatua ya 5. Rekodi kwa Audacity, programu ya bure ya kurekodi, sehemu zenye sauti kubwa kabisa zikiishia -6 dB. Sauti iliyopasuka hairudi. Upande wa dakika 30 unakula MB 317 hivi. Kurekodi kaseti kwa 96 kHz ni kujaza diski bure. Hifadhi FLAC (faili linalobana bila kupoteza sauti), MP3 tengeneza baadaye kwa ajili ya simu.

MASWALI

*Mkuu, kuna mvumo "mmmm" mfululizo.*
Chomoa chaja ya laptopu, tumia betri. Mvumo ukinyamaza, tatizo lilikuwa kwenye umeme wa chaja. Na umeme ukikatika, deki itazima lakini ulichokwisha kurekodi kitabaki.

*Niko Tukuyu. Kaseti zina unga mweupe pembeni ya mkanda.*
Huo ni ukungu, mvua za huko mnazijua. Usizicheze kwanza: utahamia kwenye hedi na kaseti nyingine zote. Zikaushe siku kadhaa mahali pakavu pasipo jua, kisha zungusha mkanda kwa mkono huku ukiufuta taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Fanyia nje, na uvae barakoa.

*Mbona kaseti bado inanisikikia tamu kuliko faili?*
Linganisha na WAV, si MP3, na usawazishe sauti kwanza. Inayolia juu kidogo tu, sikio huiona bora. Mwambie mtu abadilishe bila wewe kuona, mara 10, uandike ipi ni ipi.

*Nyimbo zinakwenda haraka, waimbaji kama watoto.*
Kasi sahihi ni sentimita 4.76 kwa sekunde. Jaribu kaseti nyingine: nayo ikikimbia, fundi arekebishe kasi ya mota. Ikiwa ni hiyo moja tu, ilirekodiwa hivyo. Audacity ina "Change Speed and Pitch" (matoleo ya zamani huiita "Change Speed"), usitumie "Change Pitch".