Kibofu cha hewa cha samaki: somo la vitendo kwa chupa ya maji na ngege mmoja

Muulize mwanafunzi samaki anapandaje juu. Wengi watakujibu kwamba anajaza hewa kibofu, yaani mfuko wa gesi ulio ndani ya mwili wake, na akitaka kushuka anakipunguza. Kwa ngege (sato) na sangara wa Ziwa Viktoria jibu hilo si sahihi, na somo hili limeandikwa ili kulisahihisha. Kibofu cha samaki hawa hakina mlango. Gesi huingia na kutoka kupitia damu, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Kupanda na kushuka ni kazi ya mkia na mapezi. Kibofu kinamwondolea samaki uzito tu, ili akae alipo bila kuchoka.

Hatua ya 1: mfano wa chupa

Tafuta chupa laini ya plastiki ya lita 1.5, kifuniko cha kalamu na plastisini kidogo (udongo laini wa kufinyangia). Kama kifuniko kina tundu kwenye ncha, lizibe kwa nta ya mshumaa. Bandika plastisini kwenye mdomo wake bila kuuziba, kisha kijaribu kwanza kwenye glasi ya maji. Kinatakiwa kielee wima, ncha ikitokeza milimita 2 au 3 tu. Hapa usiwe na haraka: ongeza na punguza plastisini kwa vipande vidogo kama punje ya mchele.

Jaza chupa maji mpaka pomoni, tumbukiza kifuniko, funga kwa nguvu, kisha binya. Hewa iliyomo inasongwa, maji yanaingia, nacho kinazama. Ukiachia, kinapanda.

Kisipozama, mara nyingi kuna hewa iliyobaki shingoni mwa chupa, na hiyo ndiyo unayoibinya. Kikizama kisirudi, plastisini imezidi au hewa ilitoroka kilipoinama wakati wa kukitumbukiza.

Sasa fanya jambo ambalo walimu wengi huliruka: jaribu kukisimamisha katikati. Hakisimami. Kikishuka kidogo, uzito wa maji yaliyo juu unaisonga hewa zaidi, kinakuwa kizito zaidi, kinazidi kushuka. Kikipanda kidogo, mambo yanageuka. Samaki mwenye kibofu yuko katika hali hiyohiyo maisha yake yote, ndiyo maana hata ngege aliyetulia kabisa huonekana akipepea mapezi ya ubavuni.

Hatua ya 2: hesabu

Mwili wa samaki bila gesi una takriban gramu 1.07 kwa kila mililita. Ngege wa gramu 500 basi ana ujazo wa mililita 467. Ili asizame wala asielee katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, anahitaji ujazo wa mililita 500, kwa hiyo gesi ni mililita 33, karibu asilimia 7 ya mwili wake. Samaki wa baharini anahitaji kidogo zaidi ya nusu ya kiasi hicho, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito.

Hatua ya 3: kumpasua

Nunua ngege mbichi wa asubuhi, asiyetolewa matumbo na asiyegandishwa. Aliyelala huvimba gesi ya kuoza kwenye utumbo, na utaichanganya na ya kibofu. Mlaze ubavu wa kulia. Kwa mkasi wenye ncha butu, anzia karibu na tundu la haja, panda kuelekea uti wa mgongo, kisha kata kuelekea kichwani na ufunue ubavu wote. Ncha ya mkasi iinuliwe juu muda wote, maana kibofu cha ngege ni chembamba na kimegandamana na ukuta wa ndani. Wengi hukitoboa hapa.

Sogeza utumbo, ambao ni mrefu sana kwa kuwa ngege hula mimea ya maji. Kibofu kiko juu yake, chini ya uti wa mgongo, na figo nyekundu iliyokoza iko juu ya kibofu.

Kupima gesi, fanya kazi ndani ya beseni la maji. Jaza chupa ndogo maji, iinamishe juu ya kibofu, toboa kwa sindano, uziache povu ziingie. Weka alama kwenye chupa, kisha pima kwa sirinji maji yanayofika alama hiyo. Ukipata mililita 25 hadi 40 kwa ngege wa nusu kilo, umefanya vizuri. Ukipata 10, kilitoboka mapema.

Gesi inaingiaje bila mlango?

Kwenye ukuta wa kibofu kuna tezi ya gesi. Tezi hutoa asidi ya laktiki, damu ikichachuka huiachia oksijeni yake. Mishipa midogo inayoleta damu na inayoirudisha imelala sambamba, mamia kwa mamia, hivyo gesi inayotaka kuondoka na damu inanaswa na kurudishwa tena kwenye tezi. Kwa njia hiyo gesi husukumwa ndani hata pale shinikizo la kibofu linapozidi sana lile la damu. Kuitoa, samaki hufungua sehemu nyingine ya ukuta yenye mishipa mingi, damu ikaichukua hadi kwenye matamvua.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mvuvi, Masese:* Sangara wa nyavu za kina wanafika juu na tumbo limetoka mdomoni. Tukivuta polepole itasaidia?

Hapana, kaka. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo kila mita 9 hivi za maji zinaongeza shinikizo sawa na lile la hewa ya juu. Kutoka mita 30 gesi hutaka kuwa zaidi ya mara nne. Kuitoa kunahitaji saa nyingi, nawe unavuta kwa dakika. Na kile kinachotokeza mdomoni ni tumbo la chakula lililosukumwa na kibofu. Ukilitoboa hujapunguza gesi, umemjeruhi tu.

*Mwalimu wa sayansi, Mbale:* Mbona mukene hawavimbi hivyo?

Mukene, yaani dagaa, ni wa jamii yenye mrija kutoka kibofu hadi kooni. Anacheua gesi anapopanda.

*Mfugaji, Wakiso:* Nimempasua kambale, sikuona kibofu.

Kipo, dada, ila kidogo sana: vipande viwili vimefichwa ndani ya mfupa nyuma ya kichwa, na humsaidia kusikia. Kambale hukaa chini, hana haja ya kuelea. Yale matawi mekundu juu ya matamvua ni ya kupumulia hewa, usiyachanganye.

*Mfugaji huyohuyo:* Na ngege wangu wanaokuja juu alfajiri wakihema, ni kibofu?

Hiyo ni oksijeni imepungua bwawani usiku. Ongeza maji mapya na usiwalishe asubuhi hiyo. Mwenye shida ya kibofu haonekani akihema; hulala ubavu au hupinduka, hata mchana maji yakiwa mazuri.