Kuchagua gitaa kavu jina likiwa limefunikwa

Mkoba ninaokwenda nao dukani una leso, kadi tatu za benki zilizokwisha muda, tochi ndogo, rula fupi na simu yenye programu ya kutyuni. Kazi yangu ni kutengeneza magitaa hapa Kampala, na mara kwa mara kwaya, mwanafunzi au mzazi huniomba nimsindikize kununua gitaa kavu, lile lisilotumia umeme. Leso ndiyo inayotoka kwanza. Naifunga kwenye kichwa cha gitaa, pale palipoandikwa jina la kampuni, kabla mteja hajaketi.

Baadhi ya wenye maduka hukereka, na nawaelewa, maana jina ndilo wanalouzia. Ila magitaa mawili ya jina moja na toleo moja, yaliyotoka kiwandani siku moja, hayalii sawa. Miti iliyoyazaa hailingani: mmoja ulikua polepole, mwingine kwa haraka, na ubao wa mmoja ukakauka vizuri kuliko wa mwenzake. Tena viko viwanda vya Asia vinavyounda magitaa ya majina kadhaa chini ya paa moja. Jina lina faida yake. Kampuni makini hukosea mara chache, na gitaa lenye jina huuzika upesi ukitaka kulitoa. Basi liulize mwishoni, ukiwa tayari unajua ni mlio upi unaoupenda.

Na usichague kwa video uliyotumiwa WhatsApp. Uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ukiwa wazi, yaani bila kubanwa, hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kuufikisha mtetemo huo sikioni. Unachosikia ni nusu ya gitaa. Panda boda uende.

Hatua ya 1: Amua nyuzi kabla ya gitaa

Nyuzi za chuma au za nailoni? Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta daraja, kile kipande cha mti kinachozishika nyuzi usoni mwa gitaa, kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Za nailoni huvuta kama kilo 40. Gitaa la nailoni limejengwa kwa mbavu nyepesi ndani, yaani vijiti vinavyoutegemeza ubao, na shingo zake nyingi hazina fimbo ya chuma. Kijana mmoja wa kwaya aliwahi kuniletea gitaa la nailoni alilolifunga nyuzi za chuma ili lisikike zaidi ibada ikipamba moto. Daraja lilikuwa limeng'oka na kipande cha uso wa gitaa kimeondoka nalo. Nililibandika upya, ila mlio wake wa awali haukurudi.

Ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa nguvu ili watu waimbe, tafuta chuma. Ukipenda kuchomoa noti kwa vidole taratibu, nailoni itakubembeleza. Anayejifunza mtindo wa gumba na kidole cha shahada, ule ambao mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliufikisha mbali kwa santuri zake za miaka ya 1950, aende kwenye chuma, lakini atafute mwili mdogo. Mwili mdogo hujibu upesi, na kila noti husimama peke yake.

Hatua ya 2: Tochi

Mulika ndani ya tundu la usoni, lile la kutolea sauti. Angalia kama kuna ubavu uliobanduka au gundi iliyomwagika ovyo. Nyuma ya daraja, jaribu kupenyeza ukingo wa karatasi kati ya daraja na ubao. Karatasi ikiingia, daraja limeanza kuachia. Rudisha gitaa hilo mahali pake.

Kisha tazama ukingo wa tundu lenyewe. Mistari ya mti iliyo usoni ikiteremka mfululizo hadi kwenye ukingo, huo ni ubao mzima. Ukiona matabaka kama ya mkate wa chapati, ni plaiwudi. Sitaki uidharau plaiwudi. Ubao mzima hulia kwa upana zaidi, ni kweli, lakini pia hupasuka na kuvimba upesi hewa inapobadilika. Gitaa la shule litakalolala stoo, likashikwa na watoto arobaini, naliomba liwe la plaiwudi iliyoundwa vizuri.

Hatua ya 3: Gonga

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi huiruka hatua hii.

Zuia nyuzi zote kwa kiganja cha kushoto. Kwa nyama ya gumba la kulia, gonga uso wa gitaa karibu na daraja, kisha upande wa pili wa daraja, kisha pembeni. Ubao ulio hai hujibu kwa mvumo: unagonga, na sauti inabaki kidogo hewani kama ya ngoma iliyowambwa sawasawa. Ubao mzito, uliopakwa vanishi kama asali, hutoa mlio mkavu unaokatika hapo hapo. Ukisikia kitu kikitikisika ndani, kuna ubavu ulioachia.

Mimi jambo hili nilifundishwa na mpiga adungu, kinubi cha kwao, mzee wa Kialur kutoka Nebbi aliyekuja kwangu kutafuta nyuzi. Nilikuwa na magitaa matano ukutani. Hakuwahi kumiliki gitaa, na yale majina ya vichwani hayakumwambia kitu. Aliyapitia yote kwa gumba, akarudia mawili, kisha akaliteremsha moja.

"Hili limeamka, mwanangu. Yale mengine bado yamelala."

"Mzee, hilo ndilo la bei ya chini kuliko yote," nikamwambia.

"Sikukuuliza bei."

Nililipiga gitaa lile jioni hiyo na kila jioni ya wiki iliyofuata. Alikuwa amesema kweli. Tangu siku ile nagonga kwanza, ndipo nashika nyuzi, kwa kuwa nyuzi za dukani humdanganya mtu. Zikiwa na kutu hufanya gitaa zuri lisikike kama kopo. Zikiwa mpya hung'arisha gitaa bovu. Ubao ukigongwa hauna hila hiyo.

Hatua ya 4: Shingo na kadi tatu

Lishike gitaa kama fundi seremala anavyochungulia ubao, jicho likiwa upande wa kichwa, utazame shingo hadi kwenye mwili. Isijipinde kama pangaboi.

Sasa bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) kwa mkono mmoja, na pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono wa pili. Uzi umekuwa rula. Angalia katikati, karibu na freti ya 7: kuwe na upenyo mdogo sana, wa karatasi ngumu. Kukiwa hakuna upenyo kabisa, nyuzi zitakwaruza. Kadi ya benki ikipita hapo, shingo imepinda mno kuelekea mbele. Gitaa lenye fimbo ya chuma ndani ya shingo hurekebishika kwa ufunguo. Lisilo nayo, achana nalo.

Kadi za benki zina unene wa milimita 0.76, na hicho ndicho kipimo changu cha siku zote. Achia nyuzi, uende freti ya 12. Chini ya uzi wa sita kadi tatu zikibanana zitoshe bila kuuinua uzi: hapo una milimita 2.3. Chini ya uzi wa kwanza, kadi mbili. Vipimo hivi ni vya gitaa la chuma. La nailoni huhitaji juu zaidi kidogo, kwa kuwa nyuzi zake hutetemeka kwa upana. Nyuzi zikiwa juu mno, mwanafunzi hulia kwa maumivu ya vidole, akadhani hana kipaji.

Hatua ya 5: Tembea freti zote

Nyuzi sita, freti ishirini: noti 120. Zipige zote, moja moja, kwa nguvu ya kawaida. Ni dakika tano tu. Tafuta noti inayokwaruza kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo, na noti inayokufa wakati jirani zake bado zinalia. Noti moja inayokwaruza inaweza kuwa freti iliyoinuka, na hiyo hupigwa msasa. Zikikwaruza zote za eneo moja, tatizo ni la shingo.

Pitisha kidole pembeni mwa shingo. Ncha za freti zisikukwaruze ngozi.

Hatua ya 6: Je, gitaa linasema kweli?

Tyuni kwa simu. Kisha gusa uzi wa sita juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, uondoe kidole mara moja. Utasikia sauti kama ya kengele. Sasa ubane hapo hapo uupige tena. Noti ni ile ile, na simu ikubali hivyo. Rudia kwa nyuzi zote. Freti ya 12 ni nusu ya urefu wa uzi: kwa magitaa mengi urefu wote unakaribia milimita 650, kwa hiyo rula yako ikuonyeshe kama 325 kutoka kichwani hadi hapo. Daraja lililobandikwa mahali pasipo pake haliponi kwa bei nafuu.

Pima pia freti ya kwanza. Uzi ukiwa wazi uko sawa, lakini ukibanwa freti ya kwanza unapanda, kijiti cheupe cha kichwani kimekatwa juu mno. Hilo ni tupa na nusu saa ya fundi. Usikatae gitaa kwa ajili yake. Omba bei ishuke.

Hatua ya 7: Sasa sikiliza

Kelele ndiyo adui mkubwa wa maduka ya katikati ya mji. Taksi zinaita abiria, duka la jirani limefungulia spika barabarani. Omba chumba cha ndani. Kikikosekana, geuka uukabili ukuta, karibu kiasi cha hatua moja, ndipo upige. Gitaa hutupa sauti yake mbele, na wewe uliye nyuma yake husikia kidogo kuliko msikilizaji. Ukuta hukurudishia. Bora zaidi, nenda na mwenzako: akipiga yeye, simama mbele yake hatua nne. Kisha mbadilishane.

Anza polepole kabisa, kama unambembeleza mtoto. Gitaa zuri halipotezi mwili wake likipigwa polepole. Noti zinabaki na umbo. Ongeza nguvu hatua kwa hatua. Je, sauti inakua nawe, au inafika mahali inajaa na kuchafuka? Magitaa mengi ya bei ya chini yana uwezo hadi nusu ya nguvu yako, kisha yanapiga kelele tu.

Piga uzi wa tano ukiwa wazi na uhesabu kimoyomoyo hadi unyamaze. Fanya hivyo kwa kila gitaa unalolinganisha, kwa nguvu ile ile. Halafu shika kodi ya G, upige uzi mmoja mmoja kuanzia wa sita. Besi isiufunike uzi wa kwanza, wala wa kwanza usichome masikio. Nasikiliza sana uzi wa tatu, kwa sababu ndio hufifia mara nyingi, na ukififia kodi zako zote zina tundu katikati.

Mwisho, piga kitu unachokijua kwa moyo. Usipige kile cha kuwavutia waliomo dukani.

Hatua ya 8: Mwili wako nao una kura

Keti nalo dakika ishirini. Bega la kulia likianza kupanda juu, mwili wa gitaa ni mkubwa kwako. Umbo lile pana linaloitwa dreadnought, lililoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1916, lina besi tamu na linafaa kuongoza waimbaji, lakini msichana wa miaka kumi na miwili hulikumbatia kama gunia la mahindi. Upana wa shingo kichwani nao una maana: chuma ni karibu milimita 43, nailoni karibu 52. Jaribu kushika kodi ya F kwa kubana nyuzi zote sita. Mkono ukitetemeka kwa kila gitaa, ni mazoezi. Ukitetemeka kwa moja tu, ni gitaa.

Zungusha pia kila kikazio cha nyuzi. Kisichokamata, au kinachoteleza, hubadilishwa.

Hatua ya 9: Fungua leso

Ukiwa umebaki na mawili, fumba macho mwenzako akupokeze kwa zamu, mara tatu tatu. Ukichagua lile lile kila mara, kazi imekwisha. Fungua leso, usome jina, uanze kuongea bei. Taja kasoro ulizozikuta, moja moja, kwa upole.

Ukifika nyumbani, usilitundike karibu na mabati. Joto la saa saba mchana hulegeza gundi, na gari lililoegeshwa juani ni baya zaidi. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, mbao hunywa unyevu, uso wa gitaa huvimba na nyuzi hupanda. Liweke ndani ya mfuko wake. Baada ya wiki mbili pima tena kwa kadi zile zile. Kadi ya nne ikipita chini ya uzi wa sita, lipeleke kwa fundi kabla hujaanza kuvilaumu vidole vyako.