Kuku, maganda na lundo moja la mboji nyuma ya nyumba

Nina kuku kumi wa kienyeji hapa Kahawa West, na mistari minne ya sukuma wiki. Mwaka wa kwanza nilichota kinyesi kibichi bandani nikakimwaga shinani. Haikupita wiki, majani yakakauka kingo kama yaliyobabuliwa na moto. Kinyesi cha kuku kina nitrojeni nyingi mno. Sharti kivunde kwanza.

1. Banda. Tandaza maranda ya mbao, unene wa kiganja. Seremala wa mtaani atakupa gunia zima kwa bei ya soda, ila muulize kama mbao zilitiwa dawa.

2. Mabaki ya jikoni. Kuku wale kwanza: majani ya kabichi, nyanya zilizolainika, ukoko wa ugali. Maganda na kokwa za avokado, maharagwe mabichi na mahindi yenye ukungu yatawadhuru; hayo peleka kwenye lundo. Nyama na mafuta usitie kabisa, panya wa Nairobi hawangoji mwaliko.

3. Lundo. Liwe mita moja kila upande, na kimo hichohicho. Likiwa dogo halishiki joto. Chini weka mabua ya mahindi ili hewa ipite. Kisha ndoo moja ya uchafu wa banda kwa mbili za vitu vikavu: majani, nyasi, maboksi yaliyoraruliwa. Nyunyiza maji kila tabaka. Chota konzi ukamue: mkono ulowe, maji yasichuruzike.

Siku ya nne chomeka panga hadi katikati, lingoje dakika tano, ulichomoe uguse bapa lake. Likikuchoma mkono, mambo ni sawa. Ndani kunatakiwa kufika nyuzi 55 au zaidi, joto linaloua viini na mbegu za magugu. Panga likitoka baridi, lundo limekauka au kinyesi ni kidogo. Harufu ikikuwasha macho, kinyesi kimezidi. Ongeza makavu upesi. Mimi nilichelewa, jirani akanigongea geti saa kumi na mbili asubuhi.

4. Kugeuza. Kila wiki, ya nje yaingie ndani. Mvua za Machi hadi Mei, funika kwa turubai.

Wengi huwaachia kuku wachakure lundo hadi mwisho. Usifanye hivyo: wakichakura wanaacha kinyesi kibichi juu ya mboji iliyokaribia kuiva. Waruhusu siku za mwanzo tu, tena kama hujatia lundoni yale yanayowadhuru, halafu zungushia wavu.

Baada ya miezi mitatu hivi itakuwa nyeusi, inanukia udongo uliopata mvua. Chekecha, changanya na udongo wa shamba, ndipo upande miche.